Walimu wa lugha, hii akili mnemba imekufanyia nini darasani? Tupeane uzoefu

Kalamu Nyekundu
Wakuu habari za jioni. Nilikuwa nasahihisha hapa nikaacha kalamu nikaja kuanzisha huu uzi kabla hasira hazijaisha. Nafundisha Kiswahili sekondari ya kata, kidato cha pili mikondo minne, watoto 260 na ushee. Niliwapa barua ya kirafiki, mwandikie rafiki yako aliyeko Mwanza umsimulie mahafali ya shuleni kwenu. Barua ya kirafiki jamani! Dogo wa kwanza kaanza "Ninakuandikia kwa madhumuni ya kukupa taarifa kuhusu tukio muhimu lililofanyika". Nikasema huyu baba yake mtendaji wa kijiji labda. Wa kumi na tatu hivyo hivyo. Wa thelathini naye. Sasa nimefika kwa mmoja, mwandiko mzuri kabisa, bluu, tarehe na anuani kaweka kulia panapotakiwa, kamaliza na "wako akupendaye", halafu chini yake kaandika "Je, ungependa niifupishe barua hii au niongeze maelezo zaidi?"

Kaandika kwa mkono kwenye daftari. Na kapigia mstari kwa rula.

Nyie huko mnafanyaje? Na msinidanganye, najua na nyinyi maandalio ya somo hamwandiki tena wenyewe.

Mama Wawili
Hahahahaha kwa rula!! Mpe alama 2 za usafi wa daftari.

Ticha wa Zamu
Umenikumbusha aibu yangu. Mwaka juzi wadhibiti ubora wametangazwa wanakuja keshokutwa, mimi sina andalio hata moja tangu muhula uanze, si unajua tena, vipindi 28 kwa wiki. Jamaa wa Jografia akaniambia acha ushamba, hiki kishikwambi walichotugawia baada ya sensa ya 2022 wewe unaangalizia mpira tu. Nikaingia, nikaandika nipe andalio la somo la ngeli kidato cha kwanza dakika 80, sekunde chache likashuka kama mvua ya masika. Nikatengeneza kumi na mbili usiku ule, nikaenda steshenari asubuhi nikaprinti, nikabana kwenye faili, nikajiona profesa.

Mdhibiti, mama mmoja mtu mzima ana miwani ya kamba, akafungua faili akasoma kimya muda mrefu. Akaniuliza mwalimu, hivi vipokea sauti 40 viko wapi tuvikague? Nikamwambia vipokea sauti gani mama. Akanigeuzia karatasi. Sehemu ya zana za kufundishia: projekta, ubao janja, vipokea sauti 40 na intaneti ya kasi. Wakuu shule yetu umeme ni sola moja iko ofisi ya mkuu, inachaji simu tano. Na juu kabisa ya andalio, sijui nilikuwa sioni, "Kwa hakika! Hili hapa andalio kamili la somo lako."

Hakunisema. Alicheka tu mpaka akavua miwani. Bora angenisema.

Mjukuu wa Mwalimu
Kwa hakika! 😂😂 natia kambi hapa

Karatasi ya Kwanza
Salamu kutoka Makueni, Kenya. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Dini, na kwa hili jambo niko na kidonda. Sisi huku karatasi ya kwanza ya KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, ni insha, mtahiniwa anaandika mbili, ya lazima na moja ya kuchagua, alama 40, kwa hivyo mtoto akishazoea kuandikiwa ataingia kwa chumba cha mtihani mkono mtupu, simu imebaki nje. Hiyo hofu kila mwalimu iko nayo. Lakini kilichoniuma mimi ni nahau.

Kulikuwa na msichana wangu wa kidato cha tatu, mtoto mwenye bidii sana, si eti anatafuta njia ya mkato, alikuwa anajisomea likizoni na simu ya mamake. Aliniletea daftari amejaza nahau 200 na maana zake, ameandika zote kwa utaratibu wa alfabeti. Mimi nilikuwa niko karibu kumtolea zawadi gwarideni. Nikaanza kupitia. "Mkono wa birika: mtu mkarimu anayewamiminia wengine mema." Mkarimu! Mkono wa birika awe mkarimu! "Kupiga moyo konde: kumpiga mtu kifuani." Nikaendelea kupitia nikihesabu, kati ya mia mbili kama sitini hivi zilikuwa namna hiyo. Na zinaandikwa kwa ujasiri, hakuna "labda", hakuna "nadhani". Yule mtoto alilia. Alikuwa amekwisha kuzikariri zote, likizo nzima, sasa ziondoke vipi?

Mama Wawili
Kwa hiyo kwa akili hiyo mchoyo wa mtaani kwetu ni mkarimu, nitamwambia

Bin Fundi
Tatizo sio mashine tatizo mnaiita vibaya. Ni akili UNDE sio akili mnemba. Imeundwa. Mnemba ni kisiwa kule Unguja kaskazini mashariki, watalii wanaenda kuzamia, sasa akili ya kisiwa ndio nini?

Kalamu Nyekundu
Bin Fundi tusianze. Mnemba ndio lilishazoeleka kwenye redio na magazeti.

Bin Fundi
Kuzoeleka sio hoja, hata "masaa" limezoeleka.

Karatasi ya Kwanza
Sisi wengine bado tunasema akili bandia na tunaelewana vizuri tu.

Bin Fundi
Bandia ni kama noti bandia, ina maana ya udanganyifu

Ticha wa Zamu
Sasa kwa hayo maandalio yangu hapo juu bandia ndio lenyewe 😂

Nyuki wa Tabora
Mimi nilikamatwa kwenye methali. Mtihani wa ujirani mwema, shule sita, mimi nimepewa kutunga Kiswahili, nikaitumia kupunguza kazi. Ikanipa swali "Eleza maana ya methali ifuatayo: Jembe la kuazima halilimi shamba la mwenyewe". Nikaona nzuri, nikaiweka. Siku ya kusahihisha kwa pamoja mwalimu mmoja wa shule jirani akasimama akauliza hii methali umeitoa wapi, mimi nimefundisha miaka 22 sijawahi kuisikia. Kumbe mashine imetunga! Tukafuta swali, watoto wote wakapewa alama za bure. Mpaka leo kwenye kundi la walimu wa wilaya wananiita Jembe la Kuazima.

Shangazi Mkali
Sasa hiyo si ipo? Bibi yangu alikuwa anaisema kabisa.

Nyuki wa Tabora
Ipo wapi shangazi? Nimetafuta kamusi ya methali sijaiona

Shangazi Mkali
Kwani methali zote ziko kwenye kamusi? Bibi yangu hakujua kusoma na alikuwa anaisema, kwetu Handeni, shambani. Labda sio hivyo hivyo neno kwa neno lakini ya jembe ilikuwepo.

Bin Fundi
"Sio hivyo hivyo neno kwa neno" ndio tunaita haipo

Shangazi Mkali
Wewe rudi kisiwani kwako Mnemba.

Madam Songea
Naomba niseme kitu ambacho kitanifanya nitukanwe. Mimi nafundisha Kiingereza na hii kitu imenisaidia. Acheni niseme ukweli wangu. Nimesoma shule za huku huku, nimefundishwa na walimu ambao na wao walifundishwa huku huku, nimemaliza chuo nikiwa najua sarufi yote kwenye karatasi lakini kuongea naogopa. Mwalimu wa Kiingereza anayeogopa kuongea Kiingereza, na tuko wengi, msijifanye. Ofisini kwetu ukianza kuongea Kiingereza wenzako wanakucheka, unajishaua.

Sasa usiku watoto wakilala naingia na kishikwambi uani, naweka bando la shilingi elfu moja, naongea nacho. Hakinicheki. Nikikosea kinanirekebisha, nikirudia mara sita hakichoki. Miezi minne tu na siku hizi naingia kidato cha nne naongea kipindi kizima. Halafu hadithi za ufahamu nakiambia kiweke mazingira ya hapa, watoto wa kitabuni wasiende kula baga kwenye treni ya chini ya ardhi, waende kuvuna mahindi, gari la kwenda Mbinga liharibike njiani. Watoto wanasoma wanaelewa maana wanapajua.

Mabaya yapo. Kijana wangu wa kidato cha pili ambaye hajui tofauti ya has na have kaniandikia neno delve. Nikamuuliza maana yake akasema ni aina ya dawa.

Mzee wa Hoja
Yaani mwalimu wa Kiingereza anafundishwa Kiingereza na simu uani usiku halafu anatuambia kwa fahari. Ndio maana elimu imefika hapa ilipofika.

Madam Songea
Nilijua. Wewe mzee ulifundishwa na nani? Malkia?

Mama Wawili
Mwacheni madam, amesema ukweli ambao nusu yenu hamuwezi. Mimi mume wangu ni ticha wa Kiingereza, nikimwandikia meseji ya Kiingereza ananipigia

Mzee wa Hoja
Sijamtukana mtu, nimesema hoja.

Mwanafunzi Mtoro
Samahani walimu mimi ni kidato cha nne nimeingia tu. Kwani nyinyi maswali ya likizo mnatoa wapi? Sisi tulipewa maswali 50 ya fasihi, tukaandika kwenye simu swali la kwanza, ikatupa na mengine yote 49 vile vile na namba zake. Sasa mwalimu ametoa maswali huko sisi tumetoa majibu huko, nani kasoma?

Kalamu Nyekundu
Dogo kalale.

Ticha wa Zamu
Dogo kasema kweli lakini 😂 kalale hata hivyo

Mgeni wa Pwani
Nimeandika hii nikafuta mara mbili. Naomba mnivumilie ni ndefu.

Mimi ni mtu wa Rungwe, migomba na mvua, Kiswahili nimekikuta shuleni kama somo na nikakipenda nikakisomea. Ajira ikanipeleka pwani, wilaya siitaji. Nilifika najiona najua Kiswahili, nina digrii yake. Mwaka jana mwezi wa nane nikawapa kidato cha pili insha ya Siku Nisiyoisahau. Wakati huo ofisini kwetu habari ilikuwa ni hii hii ya watoto kuandikiwa, na jamaa mmoja alikuwa ametuonyesha programu kwenye simu, unapachika maandishi inakuambia asilimia ngapi imeandikwa na mashine. Mimi nikawa kama polisi. Kila insha nzuri naitilia mashaka. Ikiwa mbovu naifurahia.

Kuna binti anakaa nyuma, hasemi. Insha yake ilikuwa ya mama yake kwenda kuchokoa pweza. Kaandika "Mama alijua ni maji mafu, akaenda hivyo hivyo, kwa sababu mchango wa chakula cha shule haujui bamvua." Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Nikasema hapa nimemkamata. Maji mafu ndio nini? Maji yanakufa? Hii ni mashine imetafsiri Kiingereza neno kwa neno, nikapiga duara. Na bamvua nikajua imekosea tahajia ya "mvua". Nikapiga duara. Nikaandika aya mbili kwenye simu, ikaniletea asilimia 91. Nikaweka sifuri.

Kesho yake nikamsimamisha mbele. Nikamwambia soma hapa, akasoma kwa sauti ndogo. Nikamuuliza maji mafu ndio nini. Akasema "ni maji mafu, mwalimu." Nikamuuliza tena, akasema vile vile, nikaona ananidhihaki. Nikawageukia wenzake nani anajua maji mafu, darasa zima kimya, watoto 74, hakuna hata mkono. Nikasema mnaona, hata nyinyi wa hapa hapa hamjui. Nilikuwa na fimbo mkononi wakuu. Ndio maana walikaa kimya, lakini hilo nimelijua baadaye. Nikamchapa viwili vya mkono kwa kusema uongo. Hakulia, alirudi akakaa akafuta ubao wa dawati lake kwa kiwiko kama mtu anayefuta vumbi.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, nimeshuka forodhani kununua kitoweo. Kuna mama nanunua kwake pweza. Nikakuta sinia tupu, amekaa tu anapunga inzi. Nikamuuliza mama leo vipi. Akanijibu bila hata kuniangalia: "Pweza leo hakuna mwalimu, si unaona maji mafu haya, mwamba hautoki. Ngoja bamvua."

Sijui niliondokaje pale. Nilimuuliza mvuvi mmoja mzee akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Bamvua ni siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari inakupwa mbali sana, miamba inabaki wazi ndio kina mama wanaenda na michokoo yao. Katikati ya hapo ni maji mafu, maji hayapandi sana wala hayashuki sana, mwamba haukauki, pweza humpati mpaka uingie kwenye maji ya kifua. Mama yake yule binti aliingia kwenye maji ya kifua kwa ajili ya mchango ambao mimi ndiye ninaokusanya. Mimi ni mwalimu wa darasa lake.

Nikamwita ofisini Jumatatu. Nikamwambia nimekosea, nikabadilisha sifuri nikaweka 18 kati ya 20. Akasema "sawa mwalimu". Ni hivyo tu. Tangu siku hiyo anaandika insha za aya tano, sentensi fupi fupi, mwanzo kiini mwisho, hakuna kosa na hakuna kitu. Bahari haijawahi kutokea tena kwenye daftari lake. Nikisoma ndio naona kabisa imeandikwa na mashine, na anaandika mbele yangu.

Mama Wawili
Mwalimu 😔

Nyuki wa Tabora
Daah. Nimesoma nikiwa kwenye daladala imebidi nifunge simu kwanza

Shangazi Mkali
Ulimwomba msamaha ofisini? Ulimwaibisha mbele ya watoto 74 ukamwomba msamaha ofisini mlango umefungwa?

Mgeni wa Pwani
Ndio shangazi. Najua.

Mzee wa Hoja
Mwalimu hawezi kuomba radhi mbele ya darasa, atapoteza heshima, kesho hawatamsikiliza. Amefanya sahihi kabisa. Amebadilisha alama yameisha.

Shangazi Mkali
Heshima ipi wewe mzee? Hiyo ya fimbo?

Bin Fundi
Na hiyo fimbo yenyewe, kanuni ziko wazi, kiboko anatoa mkuu wa shule au aliyempa ruhusa kwa maandishi, na mtoto wa kike anachapwa na mwalimu wa kike kama yupo. Na inaandikwa kwenye kitabu. Iliandikwa?

Mgeni wa Pwani
Haikuandikwa.

Ticha wa Zamu
Bin Fundi usijifanye, shule gani wanaandika kwenye kitabu, itaje

Bin Fundi
Sisemi wanaandika, nasema kanuni

Mzee wa Hoja
Bila kiboko hao watoto wa leo mtawafundishia wapi? Mnawaachia simu, mnawaondolea fimbo, halafu mnashangaa.

Madam Songea
Mzee, stori nzima umesoma ukaona tatizo ni fimbo imepungua?

Kalamu Nyekundu
Jamani uzi ni wa akili mnemba, mambo ya viboko fungueni uzi wenu. Mgeni wa Pwani asante kwa kusema, haikuwa rahisi.

Swala wa Berlin
Habari zenu kutoka baridini. Mimi nafundisha Kiswahili watu wazima jioni huku Ujerumani. Wanafunzi wangu wanakuja na mazungumzo waliyotengenezewa na simu, mmoja amekwenda Zanzibar likizo akamwambia mwenye duka "Habari, mwenzangu mpendwa, mimi ni na furaha kukuona". Mwenye duka akampunguzia bei kwa huruma. Swali langu kwenu, wanafunzi wageni nawaanzishia shikamoo somo la kwanza au nisubiri?

Fundi Mitambo
Niongezee kwa Mgeni. Mimi sio mwalimu, natengeneza kompyuta, ila hizo programu za kukamata zisiwadanganye. Kampuni yenyewe iliyotoa ChatGPT Novemba 2022 ilikuwa na programu yake ya kutambua maandishi ya mashine, wakaiondoa wenyewe Julai 2023 kwa sababu inakosea mno. Waliotengeneza mashine wenyewe wameshindwa kuitambua! Na mwaka huo huo watafiti wa Stanford walichukua insha za TOEFL, zile za watu ambao Kiingereza sio lugha yao, wakapitisha kwenye programu saba, kwa wastani zaidi ya nusu ya insha ziliambiwa ni za mashine na zimeandikwa na watu. Hiyo ni Kiingereza ambacho mtandao umejaa. Kiswahili kilichoko mtandaoni ni kidogo, na kingine ni tafsiri za mashine zenyewe, sasa neno la kina mama wanaochokoa pweza litakuwepo wapi huko? Asilimia 91 hiyo hata ungeweka meseji ya mama yako inaweza kukuletea.

Nyuki wa Tabora
Nimeweka sala ya Baba Yetu kwenye moja ya hizo programu sasa hivi. Asilimia 88 😂😂 Mungu anatumia mashine

Mama Wawili
Nimecheka na sikutaka kucheka

Karatasi ya Kwanza
Mimi nilishaacha kuwinda. Insha zote wanaandika darasani, dakika 40, kalamu na karatasi, simu ziko kwa ofisi ya naibu. Nyumbani wanaenda kusoma tu. Imepunguza vita.

Ticha wa Zamu
Wewe uko na 45 darasani. Kwangu dakika 40 zinaisha tunahesabu madaftari.

Madam Songea
Mimi nafanya kinyume, nawaambia waende kuandikiwa, waje na kazi ya mashine darasani tuisahihishe kwa pamoja ubaoni. Wanaichana hao! Mtoto ambaye hajawahi kunyoosha kidole ananyoosha aseme "madam hapa kimekosea". Kukosoa mashine hakuna woga.

Mzee wa Hoja
Na wasio na simu?

Madam Songea
Kazi moja darasa zima, naiandika mimi ubaoni. Hapo umeleta hoja kweli, hongera.

Bin Fundi
Ushauri wangu wape shairi. Tarbia, mishororo minne, mizani 16, vina vya kati na vya mwisho. Mashine haijui kuhesabu silabi. Niliiomba ubeti mmoja ikaniletea mshororo wa 14, wa 17, wa 16, wa 19, na chini ikaandika "shairi hili limezingatia mizani". Limezingatia!

Shangazi Mkali
Leo kwa mara ya kwanza nakubaliana na wewe. Mpaka watakapoirekebisha, maana haya mambo yanabadilika kila mwezi.

Swala wa Berlin
Shikamoo jamani, naona swali langu limepita

Nyuki wa Tabora
Marahaba Swala. Waanzishie mambo-poa, shikamoo waambie wakiona mvi

Karatasi ya Kwanza
Si kweli, huku kwetu bara ukiniamkia shikamoo nitadhani unanikopa.

Shangazi Mkali
Somo la kwanza! Shikamoo ndio mlango.

Swala wa Berlin
Asanteni, nimepata majibu matatu.

Mgeni wa Pwani
Nimesoma yote. Shangazi umenikalia kooni tangu mchana. Mtihani wa muhula unaanza wiki ijayo, kabla yake nina kipindi kimoja nao, Alhamisi saa nne. Nimewaza nisiseme mengi, niandike ubaoni maji mafu na bamvua, niwaambie mimi mwalimu wenu sijui haya maneno, nani atanifundisha, niache fimbo ofisini. Niwaambie na nani nilimwonea. Ila naogopa tusije tukamuaibisha mara ya pili, mtoto hapendi kutazamwa.

Mama Wawili
Muulize kwanza yeye. Kabla ya Alhamisi.

Shangazi Mkali
Muulize. Na mchango wa chakula wa mama yake ulilipwa?

Mgeni wa Pwani
Ulilipwa. Siku ile ile aliyoandika. Elfu tano, noti ilikuwa na unyevu, nakumbuka niliianika kwenye rejista.

Kalamu Nyekundu
Dah.

Wakuu nimerudi na habari za yule wangu wa "Je, ungependa niifupishe". Leo nimemwita, kwa stori ya Mgeni nikaacha kalamu na fimbo nyumbani, nikamuuliza kwa upole kijana hii barua umeipata wapi, simu unayo? Akasema hana, nyumbani iko moja ya kitochi. Nikamwambia sasa? Akasema alinakili kwa rafiki yake wa mkondo B. Nikamwita wa mkondo B, naye kanakili kwa mwingine. Tumefuatana hivyo mpaka mtoto wa sita, ndio akataja chanzo. Kuna kijana wa bodaboda kijiweni hapo stendi ana simu janja, anauza. Insha shilingi 200, barua ya kirafiki 150, ufupisho 300 kwa sababu anasema ufupisho una kazi. Ukinunua unasoma kwenye kioo unaandika ukiwa umekaa juu ya pikipiki yake, ukichelewa abiria akija anaondoka na barua yako.

Nikamuuliza yule wangu, hiyo sentensi ya mwisho hukuona kama haihusiani na barua? Akanijibu "niliona mwalimu, ila nilijua ni adabu, kumuuliza mtu kama ameridhika."

Ticha wa Zamu
😂😂😂 huyo mtoto usimguse. Ila huyo wa bodaboda nipe namba yake, andalio la somo anafanyaje?